Mkalimani wa Bwana Mtaalamu

Nilifukuzwa ualimu kwa kosa la kucheza ngoma, na miezi mitatu baadaye nikaajiriwa kazi ya kueleza ngoma. Sijui kama kuna mtu mwingine katika Usukuma nzima aliyewahi kupanda cheo kwa njia hiyo.

Nilikuwa nikifundisha darasa la tatu katika shule ya misheni upande wa Shinyanga. Baada ya mavuno Wagika na Wagalu walishindana kama kila mwaka. Hivyo ni vyama viwili vya ngoma ambavyo havijapata kukubaliana juu ya jambo lolote, ila kila kimoja kina hakika kwamba kingine hakijui kucheza. Mimi ni Mgika kwa upande wa baba. Nilikwenda kutazama tu. Ndivyo nilivyomwambia padri, na ilikuwa kweli kwa muda wa robo saa hivi. Kwa bahati mbaya katekista naye alikwenda kutazama tu, na yeye alitazama mpaka mwisho, bila kukosa hata wimbo mmoja. Jumatatu padri aliniita ofisini akanieleza, kwa upole mkubwa, kwamba mwalimu hawezi kumtumikia Mungu kwa mdomo na shetani kwa mabega. Nikakabidhi chaki na kifutio.

Miaka ya hamsini ilikuwa imeanza. Wazungu wengi walikuwa wakija kwetu: wapimaji, mafundi wa almasi kule Mwadui, watu wa pamba, watu wa kuhesabu ng'ombe. Na miongoni mwao alikuwako mmoja ambaye nitamwita Bwana Mtaalamu, kwa kuwa ndivyo alivyopenda kujiita. Hapo zamani alikuja kupima mapori ya mbung'o. Mbung'o walipopungua, yeye hakupungua. Alistaafu, akanunua lori, akafunga mabenchi na turubai, akawa anawatembeza Wazungu wenzake kuwaonyesha mila zetu. Wageni wake walikuwa wake wa mafundi wa migodini, walimu walio likizoni kutoka pwani, maofisa waliochoka na mafaili. Safari ilikuwa ya siku nne: vijiji vya Shinyanga, kisha magharibi kupitia Kharumwa hadi Geita, na mwisho Nkome ziwani, ambako hotuba juu ya uvuvi ilikuwa fupi sana kwa sababu ya harufu ya dagaa.

Alinisaili kazi kwenye kibaraza cha duka la Mhindi.

"Wewe najua Kisukuma?" aliniuliza.

"Nimezaliwa nacho, bwana."

"Wewe najua mila?"

"Kiasi, bwana."

"Mimi najua mila," alisema. "Wewe tafsiri tu."

Tangu siku hiyo jina langu likawa Tafsiri. Sikulikataa. Nilikuwa na mke na mtoto mchanga, na nimewahi kuitwa vibaya zaidi na padri.

Nisimwonee. Hakuwa mtu mbaya. Nilipougua malaria njiani alinipa kwinini yake mwenyewe na kunilaza kiti cha mbele cha lori, naye akakaa nyuma na wageni. Hakupata kumpiga mtu. Kasoro yake ilikuwa moja tu: alikuwa amekwisha kujua. Hakuna ugonjwa mgumu kutibu kama huo. Miaka kumi na minane alikuwa ameishi kati yetu, na katika lugha yetu alikuwa amejifunza neno moja, "mwangaluka," ambalo ni salamu yetu ya asubuhi. Alilisema asubuhi, adhuhuri na jioni jua likizama, na wazee kwa adabu zao wakamwitikia. Adabu yetu imewaharibu watu wengi.

Kazi yangu ilikuwa hivi. Bwana Mtaalamu alisimama mbele ya kitu, akawahutubia wageni juu ya kitu hicho, kisha akamwuliza mwenyewe maswali kupitia kwangu, ili mwenyewe athibitishe. Shida ni kwamba wenyewe hawakuwa wamesoma hotuba.

Nakumbuka vizuri uongo wangu wa kwanza. Tulikuwa katika mji wa mama mmoja mjane. Juu ya kilele cha nyumba yake ya msonge palikuwa na chungu kilichopasuka, kimefunikwa kifudifudi.

"Uliza yeye, chungu ile nini maana yake?"

Nikamwuliza. Mama yule aliniangalia kama mtu anayeulizwa kwa nini anavaa nguo.

"Kuzuia mvua isivuje," alisema. "Pale nyasi zinapokutana."

Nikatafsiri. Wageni wakatazama chungu, kisha wakatazama saa zao. Bwana Mtaalamu akakunja uso.

"Uliza tena. Maana yake. Maana ya ndani."

Nikamwuliza mama yule kama kuna maana ya ndani.

"Ndani hakuvuji," alisema. "Ndiyo maana yake."

Lilikuwa jibu zuri kuliko yote niliyopata kuyasikia katika kazi ile, na nikaona wazi kwamba likifika kwa Bwana litanifukuzisha kazi. Nikamgeukia, nikafungua kinywa, na Kiingereza changu cha misheni kikatoka chenyewe: "Anasema roho ya babu hukaa chini ya chungu, ipate kuwaona ng'ombe wakienda malishoni."

Aah! Wageni wote walivuta pumzi kwa pamoja. Kamera zikatoka mifukoni. Bwana Mtaalamu akaandika katika daftari lake, akanipiga begani. Mama mjane akapewa chumvi na sukari, akashangaa kwamba kumbe Wazungu wanajali hivyo habari za kuvuja.

Mwaka uliofuata nilipita tena kijiji kile. Kila nyumba ilikuwa na chungu, hata zile za bati. Shemeji yangu mmoja alilalamika kwamba mkewe amevunja chungu kizima cha kupikia ugali ili apate cha kuweka juu. Nilimwambia asikasirike, ni mila. Alinijibu kwa neno ambalo sitaliandika.

Basi ndivyo nilivyokuwa mtaalamu wa pili. Nilijifunza kwamba mlango mfupi si kwa sababu miti ilikuwa mifupi, bali ni heshima kwa mizimu. Nilijifunza kwamba mwanamke hubeba mtungi kichwani ili awe karibu na mawingu. Haya yote niliyajifunza kutoka kwangu mwenyewe, njiani, lori likiruka mashimo.

Kisha ikaja habari ya chuma.

Upande wa Geita, katika kijiji kimoja cha Warongo, watu ambao kwa vizazi walikuwa wakiyeyusha chuma na kufua majembe, alikuwako mzee mmoja ambaye baba yake alikuwa fundi mkuu wa tanuri. Mzee huyu aliyeyusha chuma na baba yake alipokuwa kijana. Kisha majembe ya Ulaya yakaja dukani, mepesi, rahisi, na tanuri zikazimwa moja baada ya nyingine. Mgodi wa dhahabu ulipofunguliwa akaenda kufanya kazi karakana, akinoa tindo za kutobolea miamba, miaka kumi na mitano. Alikuwa na cheti chenye muhuri, amekiweka ndani ya bati la biskuti. Alipenda kutuonyesha. Bwana Mtaalamu hakupenda tukionyeshwe. Cheti kiliharibu mandhari.

Tulikuwa tumefika kwake mara tatu, na mara zote Bwana aliwaonyesha wageni mahali tanuri lilipokuwa, shimo lenye takataka nyeusi ya chuma na mbuzi wawili. Mara ya nne aliamua kwamba mbuzi hawatoshi. Alimwandikia mzee barua, nikaipeleka mimi: ajenge tanuri upya, kama la baba yake, wageni wakubwa watakuja.

Mzee aliisikiliza barua mpaka mwisho. Alikuwa amekaa akichonga mpini. Kisha akasema, "Mitapo, yale mawe ya chuma, naijua ilipo. Makaa naweza kuchoma. Lakini udongo unataka kiangazi."

"Wageni watakuja mwezi huu, mzee."

"Mvua hazijaisha mwezi huu."

"Bwana amekwisha kuwaambia."

"Basi amwambie na Mungu," alisema mzee. Lakini niliona mkono wake umeacha kuchonga, na vidole vinapima kitu hewani, upana wa kitu cha duara. Alikuwa ameshaanza kujenga.

Tulifika Jumamosi, saa nne asubuhi, tukiwa na wageni tisa. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili kabla. Tanuri lilisimama, kimo chake kikifika kifuani mwa mtu, la udongo mwekundu, na pembeni mwake mirija ya udongo ya kupitishia upepo, na mivukuto minne ya ngozi, na wanaume wanne wa kuivukuta, wote wakiwa wafanyakazi wa mgodini walioomba ruhusa. Bwana Mtaalamu aliwataka wavue mashati. Mmoja alikuwa na saa ya mkononi, akaombwa aifiche.

Mzee alinivuta kando. Nilimwamkia, "Shikamoo, baba," akaitikia marahaba bila kunitazama. Alikuwa akitazama tanuri.

"Mwalimu, mwambie bwana wako udongo haujakauka," alisema. "Hasa mirija. Shika mwenyewe." Nikashika. Ulikuwa baridi kama mtungi wa maji. "Ukiupelekea moto mkali leo utapasuka. Wangoje wiki tatu. Au tuwashe moto mdogo, wapige picha zao, waende."

Nikarudi kwa Bwana. Alikuwa amekwisha kuwaambia wageni kwamba kabla ya chakula cha mchana wataona chuma kikizaliwa kama katika siku za Ibrahimu. Nyuso tisa zilinigeukia.

"Yeye nasema nini?"

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikusema. Maneno yalikuwa machache: udongo mbichi, utapasuka. Mtoto wa darasa la tatu angeweza kuyatafsiri, nimewafundisha, najua. Lakini nilikuwa na mazoea ya mwaka mzima. Nilimtazama Bwana usoni, nikaona jibu analolitaka limeshaandikwa pale, nikalisoma.

"Anasema mababu hawajaridhia," nilisema kwa Kiingereza.

Aah! Mwanamke mmoja alishika kifua. Bwana Mtaalamu akatoa daftari.

"Ambia yeye," alisema, na sauti yake ilikuwa nzito kama ya mtu anayezungumza na mababu wenyewe, "wageni natoka mbali. Mababu taridhia." Akatoa kipande cha kaniki kwenye lori, zawadi ya mababu, akaninyoshea.

Nikamrudia mzee na kaniki mkononi. "Bwana anasema uwashe," nilimwambia.

Mzee alinitazama. Sikuyaelewa macho yale siku ile. Kisha akachukua kaniki, akampa mkewe, naye akaikunjua, akaipima kwenye kiuno, akaridhika. Basi mababu waliridhia kwa haraka.

"Haya," alisema mzee.

Moto ukawashwa. Mivukuto ikaanza kupumua, pu-pu, pu-pu, na wale wanne wakaimba wimbo wa kuvukutia waliouokota kwa mzee juma lile lile. Joto lilipanda. Bwana Mtaalamu alihutubia. Alisema tanuri kwa watu hawa ni mwanamke mwenye mimba. Hilo lilikuwa kweli kabisa, mzee mwenyewe aliwahi kuniambia. Lakini kweli ikiwa moja haikumtosha Bwana, akaendelea mbele mpaka akaiharibu. Alipoona moshi ni mwingi na miale ni michache, aliwapungia mkono wavukutaji: haraka, haraka. Mzee akainua kiganja kuwazuia. Walimtazama mzee, wakamtazama Bwana mwenye lori. Wakaongeza mwendo.

Mzee aliinama kuangalia mrija mmoja. Ulilia kwanza, mlio mwembamba kama wa mbu. Kisha ukapasuka kwa kishindo cha baruti ya mgodini, na upande mzima wa tanuri ukamwagika, udongo wa moto na makaa, juu ya mkono wake wa kulia na shingo.

Sikumbuki kelele za watu. Nakumbuka kwamba mzee hakupiga kelele. Aliketi chini, akautazama mkono kama mtu anayetazama kazi iliyoharibika.

Miongoni mwa wageni alikuwako mama mmoja mnene aliyekuwa akisinzia tangu Kharumwa, kofia imemwangukia puani. Hatukutarajia kitu kwake. Kumbe alikuwa muuguzi wakati wa vita. Alifika kabla ya mtu yeyote, akamsukuma Bwana Mtaalamu kwa kiwiko, akaagiza maji, maji zaidi, akayamimina juu ya mkono muda mrefu, akaufunga kwa kitambaa chake cheupe cha shingoni. Kisha akaamuru lori ligeuzwe kwenda hospitali, na wageni wengine wangoje hapo chini ya mti wakitafakari. Njiani alimshika mzee bega ili asiyumbe. Mimi nilikuwa upande wa pili.

"Alisema mababu?" aliniuliza ghafla. "Yeye mwenyewe? Neno hilo?"

"Ndiyo, mama," nilisema.

Ndio uongo ninaoukumbuka zaidi, kwa sababu huo haukuwa na mteja.

Nilipowarudia wageni jioni, nilimkuta Bwana Mtaalamu akiwaeleza mambo kwa sauti ya chini. Alikuwa na huzuni ya kweli, nakiri. Lakini alikuwa pia na ushahidi. "Mnaona," alikuwa akiwaambia. "Fundi alituonya. Mababu hawakuwa tayari." Wakatikisa vichwa kwa heshima. Kesho yake wakaenda Nkome kama ilivyopangwa.

Mimi sikwenda. Niliomba siku mbili, nikapewa. Nilikwenda hospitali na mtindi kwenye kibuyu, nikamkuta mzee amekaa kitandani, mkono umefungwa mweupe mpaka begani, akimweleza mgonjwa wa jirani jinsi ya kunoa tindo.

"Karibu, mwalimu," alisema. "Leo umekuja na nani?"

"Peke yangu, baba."

"Bora. Ukija na watu unakuwa mwingine."

Nikakaa. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, na yote yakanikimbia. Nikasema tu: "Baba, siku ile sikumwambia bwana kuhusu udongo. Nilimwambia mababu hawajaridhia."

"Najua."

"Unajua?"

"Neno lile la mababu, la Kiingereza, bwana wako alilisema mara nyingi nyumbani kwangu akininyoshea kidole. Nilimwuliza fundi mkuu wa karakana maana yake. Miaka kumi na mitano nimefanya kazi na Wazungu, mwanangu. Ulidhani tulikuwa tunaongea kwa filimbi?" Akanywa mtindi. "Nilikusikia. Nikasema, huyu kijana anauza mababu zangu, na hata kwao hajui ni wapi."

Nilitazama sakafu. "Basi kwa nini uliwasha?"

Nilipomtazama niliona kwamba ana haya, yeye, mwenye mkono ulioungua.

"Nilitaka kuona kama bado naweza," alisema. "Miaka yote ile sikupata sababu. Mtu akijenga tanuri bure, mkewe anasema amechanganyikiwa. Akaja huyo na barua yake. Nikajua udongo mbichi, lakini nikasema pengine." Akacheka kwa pua. "Tena nilipoona ni lazima utapasuka, nilidhani utapasukia upande wa bwana. Alikuwa amesimama vizuri kabisa."

Tulicheka wote wawili mpaka mhudumu akaja kutukemea. Halafu nikalia, na mzee akajifanya anatafuta kifuniko cha kibuyu.

Niliporudi kazini nilikuwa nimeamua kutafsiri kinachosemwa, basi. Nilidhani huo ni ushujaa. Kumbe ushujaa nao unataka soko. Safari ya kwanza tulisimama kwa mama mjane wa chungu, Bwana akahutubia juu ya roho ya babu, na mimi nikajitokeza mbele ya wageni nikasema kwa Kiingereza kilichonyooka kwamba chungu ni cha kuzuia mvua. Bwana alishangaa. Akamwuliza mama yule moja kwa moja, kwa Kiswahili chake. Mama mjane, ambaye tangu mwaka jana alikuwa hajanunua chumvi wala sukari, alinitazama kwa huruma.

"Usiwapotoshe wageni, mwalimu," alisema. "Ni roho ya babu. Anawaona ng'ombe."

Bwana Mtaalamu aliweka mkono begani mwangu. "Tafsiri," alisema kwa masikitiko, "wewe nasoma sana. Wewe napotea mila yako."

Alinivumilia siku mbili zaidi. Siku ya tatu tulipelekwa kwenye ngoma. Wagika walicheza kwa uzuri ambao sitajaribu kuueleza, kwani mabega yangu yalikuwa yanauma kwa hamu. Mwimbaji wao, mtu mwenye ulimi mkali, alipoliona lori alitunga papo hapo. Bwana aliwaeleza wageni kuwa ni wimbo wa kale wa kuomba mvua, kisha akaniita nitafsiri beti. Nikatafsiri: "Mgeni huyu amekaa kwetu mpaka nywele zimekwisha, na bado jioni anatuamkia salamu ya asubuhi. Ng'ombe wangu akisikia mwangaluka jioni, hucheka. Hucheka akamwaga maziwa."

Wageni wakacheka kuliko ng'ombe. Mzungu mmoja mwalimu aliomba urudiwe ubeti ule aandike. Bwana Mtaalamu hakucheka. Alisimama, uso mwekundu, na kwa mara ya kwanza nilimwona kama mtu aliyechoka, aliye mbali na kwao, ambaye watu wamemwitikia miaka kumi na minane bila kumwambia. Aliniuliza polepole, "Jioni nasema nini?"

"Mwadila, bwana," nilimwambia.

Alikariri neno lile mara mbili, chini kwa chini. Asubuhi yake akanifukuza. Nilisikia baadaye kwamba aliajiri mkalimani mwingine, kijana mwenye busara, na safari ziliendelea vizuri sana mpaka aliporudi kwao Ulaya. Wanasema aliandika kijitabu, na ndani yake mna tanuri, na mababu, na onyo la fundi. Sijakiona, lakini naweza kukusomea kurasa zake kwa moyo, kwa kuwa sehemu kubwa nilimwandikia mimi.

Mwezi wa nane, kiangazi kikiwa kimekaza na sina kazi, nilipanda lori la pamba hadi Kharumwa, kisha nikaenda kwa miguu na kwa baiskeli za watu hadi kwa mzee. Mkono ulikuwa umepona, lakini vidole viwili havikunji. Alinikuta namtafuta, si mimi niliyemkuta. Alikuwa akitoka kuchimba udongo kisimani, na kikapu kichwani kama mwanamke, na mkewe nyuma akimlaumu.

"Umekuja kutafsiri?" aliniuliza.

"Nimekuja kusaidia, baba."

"Mikono yangu imepungua. Lete yako."

Nimefanya kazi nyingi maishani, lakini sijatukanwa kama wiki zile. Nilikanda udongo, ukawa na mawe. Nilichoma makaa, yakawa jivu. Nilibeba mitapo kutoka mlimani, nikaambiwa nimebeba changarawe, nirudishe. Kila nilipouliza maana ya jambo, mzee alijibu, "Shika hapa." Tanuri lilikauka wiki tatu na nusu, kila asubuhi alilibandika shavu, kama mtu anayesikiliza mgonjwa, na kusema bado. Siku aliyosema tayari, wale wanne wa mgodini walikuja bila kuombwa, wamevaa mashati yao, na mmoja saa yake.

Tulivukuta tangu alfajiri mpaka alasiri. Mirija haikupasuka. Mzee alibomoa upande wa chini kwa mti mrefu, takataka nyekundu ikatiririka, na nyuma yake likatoka bonge, kubwa kiasi cha kichwa cha mtoto, lenye matundu kama mkate. Aliligonga kwa nyundo kwa mkono wa kushoto. Akasikiliza. Akagonga tena.

"Zuri?" niliuliza.

"Baya," alisema, na uso wake wote ulikuwa unang'aa. "Baba angenipiga. Lakini ni chuma."

Siku tano zilizofuata tulilifua na kulifua, mimi nikipiga na yeye akigeuza, mpaka likapatikana jembe moja dogo, zito, lililopinda kidogo upande wa kulia. Alilitia mpini aliouchonga mwenyewe, akampa mkewe mbele ya majirani, bila hotuba. Mama alikwenda nalo shambani kwenye mihogo. Tulimfuata sote kwa mbali tukijifanya tuna shughuli nyingine. Akalima tuta moja. Akasimama, akajishika kiuno.

"La dukani ni jepesi," alisema.

Mzee alisema la dukani huisha kwa misimu miwili. Mama akasema misimu miwili ya mgongo mzima ni bora kuliko ishirini ya mgongo uliovunjika. Mzee akasema shida si jembe, ni mlimaji. Majirani wakaketi chini, kwa maana ilikuwa wazi kwamba mazungumzo haya yataendelea. Na mama, huku akijibu kila neno kwa neno, akaliinua jembe lile tena, akaanza tuta la pili.